Ramani ya bahari nayo huzeeka: uliza tarehe kabla ya kutweka tanga

Juzi kijana wa mtaani kwetu alikuja kuniaga. Amepata kazi ya kumpeleka mgeni na mashua yake ya starehe kutoka Mtwapa hadi Lamu. Akanionyesha tableti yenye ramani ya bahari, rangi zinapendeza, na kimshale kikionyesha chombo kilipo. Nikamuuliza swali moja tu: "Ramani hii imesahihishwa lini mara ya mwisho?"

Akacheka. "Ami, hii ni ya kompyuta!"

Jibu lile ndilo lililonikalisha kuandika leo. Iwe ya karatasi au ya tableti, ramani ya bahari ni ushahidi wa siku ile bahari ilipopimwa. Baada ya hapo mchanga huhama, boya hukatika, taa huzimika, na binadamu naye hujenga. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, baada ya maji ya Manda kuchimbwa. Hapa Mombasa, gati jipya la mafuta la Kipevu lilianza kazi 2022, katikati ya maji ya Kilindini. Mwenye ramani ya kabla ya hapo anasafiri katika bahari ambayo haipo tena.

Basi ramani husahihishwa vipi? Ofisi ya Uingereza ya vipimo vya bahari, ambayo ramani zake hutumika sana pwani hii, hutoa Notisi kwa Mabaharia kila wiki, na mtu huzisoma bure kwenye mtandao. Unatafuta nambari ya ramani yako, kisha unaandika badiliko kwa wino wa zambarau usiofutika kwa maji. La muda huandikwa kwa penseli, ili lifutwe likipita. Mwaka na nambari ya notisi huandikwa pembeni chini, upande wa kushoto. Ukinunua ramani kwa mtu, tazama pale kwanza. Pakiwa patupu, jua unanunua pambo la ukutani.

Ya tableti haina wino, lakini haijisahihishi yenyewe. Lazima upakue masahihisho ungali na mtandao, kabla hujang'oa nanga. Habari za ghafla, kama taa iliyozimika au chombo kilichozama njiani, hutangazwa kwa maonyo ya redio. Eneo letu ni la 8, na huratibiwa na India.

Hata hivyo, masahihisho pekee hayatoshi. Mambo matatu huwaponza wengi.

Kwanza, umri wa vipimo. Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipima pwani hii miaka ya 1820, kwa bildi na kamba. Ramani yaweza kuchapwa juzi huku baadhi ya vipimo vyake ni vya kale. Tafuta mchoro mdogo unaoeleza kila sehemu ilipimwa mwaka gani.

Pili, vipimo vyenyewe. Ramani za zamani hutumia pima na futi, za sasa hutumia mita. Ukisoma futi 6 ukadhani ni mita 6, umeshapanda mwamba. Tena nyingine zilichorwa kabla ya setilaiti, na mahali panapoonyeshwa na GPS paweza kupishana nazo kwa mamia ya mita. Soma maelezo yaliyo kwenye ramani.

Tatu, ukubwa wa picha. Novemba 2014, mashua ya mashindano ya Team Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda miamba ya Cargados Carajos usiku, kaskazini mashariki ya Morisi. Walikuwa mabaharia mabingwa wenye vifaa vya kisasa. Lakini ramani yao ya kompyuta ikitazamwa kwa mbali haikuionyesha hatari ile wazi, na hawakuikuza vya kutosha. Watu wote 9 waliokoka, alhamdulillahi. Kwa hivyo kuza picha, ufuate njia yako yote toka mwanzo hadi mwisho, kabla ya kutoka.

Mwisho, waulize wavuvi. Fungu lililohama baada ya kusi wao hulijua kabla ya ofisi yoyote ya ng'ambo. Na ukiona kitu kisichopatana na ramani, kiandike na ukitume kwa ofisi ile ile. Hupokea taarifa hata za mwenye mashua ndogo. Ingia mlangoni mchana, jua likiwa nyuma yako, maji yakijaa.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kijana wangu aliahirisha safari siku moja, akapakua masahihisho, akakaa na mvuvi mzee wa Mtwapa jioni nzima. Mgeni alinuna kidogo. Lakini bora mgeni anune nchi kavu kuliko kulia mwambani. Watafika salama, inshallah.