Kijiti cha Kupimia Pipa

Mvua ya Bukoba mnaijua, wapwa wangu. Kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, na haiulizi kama pipa lako lina nafasi. Maji yanatoka kwenye bati, yanapita kwenye gata, yanaingia pipani. Chini ya pipa kuna koki. Yakiingia mengi kuliko yanayotoka, pipa linajaa. Likijaa, maji yanamwagika. Basi. Sasa twende kwenye kompyuta.

Mwaka 2009 Tanzania ilianza kujaribu mpango ulioitwa SMS for Life, huko Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki vituo vya afya 129 viliulizwa kwa ujumbe wa simu: dawa za malaria zimebaki ngapi? Wahudumu wakajibu kwa simu zao. Baada ya wiki 21, vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Ninyi mliozaliwa jirani na mbu, sina haja ya kuwaeleza uzito wa kuishiwa dawa hizo.

"Mjomba, majibu yote yakifika kwa pamoja?"

Swali zuri hilo! Seva, yaani kompyuta inayoyapokea, haiwezi kuyasoma yote kwa mkupuo. Yanapanga foleni. Foleni ndiyo pipa letu. Idadi ya majibu yanayosubiri ndiyo kina cha maji. Programu inayoyasoma moja moja ndiyo koki.

"Na nani anachungulia pipa usiku, watu wakilala?"

Kijiti! Fundi anaandika amri chache ndani ya faili, analiita skripti. Skripti hiyo ndiyo kijiti chetu cha kupimia kina. Hebu tukisikilize.

"Mimi sina akili nyingi," kinasema kijiti. "Nahesabu. Nalinganisha. Napiga kelele, au nanyamaza. Kila baada ya dakika 5 mtunza saa wa Linux, jina lake cron, ananiamsha. Nachungulia folda ambamo kila ujumbe unaosubiri ni faili moja. Amri ya ls inayataja mafaili, amri ya wc -l inayahesabu. Yako 40? Mpaka niliopewa ni 500. Nanyamaza. Yako 700? Namwandikia fundi ujumbe."

"Mjomba! Na huo ujumbe wa kijiti ukiingia kwenye foleni ile ile?"

Mtoto wewe, njoo nikupe mkono! Mafundi wazima wamesahau jambo hilo. Onyo likipita kwenye foleni iliyoziba, litakaa mkiani na kusubiri pamoja na majibu. Lazima lipewe njia yake.

"Kwa hiyo foleni ndefu ni mbaya?"

Si lazima. Majibu yalikuwa 700, yakawa 600, sasa 400? Mvua ilikuwa kubwa, koki inafanya kazi. Yalikuwa 30, yakawa 60, sasa 90? Bado hayajafika 500, lakini huenda koki imeziba. Ndiyo maana skripti nzuri huandika hesabu yake pembeni, ili ikiamka tena iwe na cha kulinganisha. Mimi namba moja peke yake siiamini. Nataka mbili, tatu.

"Na ikiwa sifuri?"

Sifuri usiku wa manane, sawa. Sifuri siku ambayo vituo vyote vinajibu? Nenda katazame gata, labda imeng'oka.

"Na kijiti chenyewe kikivunjika?"

Hapo ndipo penye ugumu. Kijiti kilichovunjika kinanyamaza, na kijiti kilichoona mambo shwari nacho kinanyamaza. Utajuaje? Kila kikiamka kiandike saa kwenye faili dogo. Mashine ya pili ilisome faili hilo. Dakika 15 zikipita bila saa mpya, mashine hiyo ndiyo ipige kelele.

"Na mashine ya pili, anaichungulia nani?"

Fundi mwenyewe, kila asubuhi, kabla ya kahawa. Na mtu wa Bukoba akikubali kahawa isubiri, ujue jambo ni zito.