Muziki mtakatifu wa Usukuma uko Bujora

Wapenzi wa kwaya hapa Bariadi hupenda kuuliza ni wapi mtu anaweza kusikia muziki mtakatifu wa hadhi ya juu, ndani ya kanisa lenye historia. Fikra huenda moja kwa moja Dar es Salaam, kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililokamilika mwaka 1902, au Zanzibar, kwenye Kanisa Kuu la Mkunazini lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa. Mimi huwaambia wapande basi la Mwanza na washukie Kisesa.

Kutoka Kisesa ni mwendo mfupi tu hadi Bujora. Kanisa lake ni la parokia, wala halina minara mirefu. Limejengwa duara, kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma. Tabernakulo ina umbo la nyumba ya mtemi, na mlangoni pake pana ngao na mkuki, alama iliyowaambia wageni wa zamani kwamba mtemi yupo nyumbani. Msukuma yeyote mzee akiingia mle anaelewa mara moja yuko mbele ya nani, hata kama hajawahi kukaa darasa la katekisimu.

Kazi hii ilifanywa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alianza Bujora miaka ya 1950, wakati Misa bado inasomwa kwa Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuja kutoa hati yake ya Liturujia tarehe 4 Desemba 1963, ukitaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Bujora ilikuwa tayari njiani. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa palepale mwaka 1968, yalikuja kama tawi la kazi hiyohiyo.

Niliyoyasikia ndani ya duara lile ninayo hadi leo. Ngoma ilianza peke yake, taratibu, mkono mmoja ukipiga katikati ya ngozi na mwingine ukigusa ukingoni. Mama mmoja mtu mzima akaanzisha wimbo kwa Kisukuma, mstari mmoja tu, na kabla hajavuta pumzi kanisa zima likawa limemjibu. Hapakuwa na spika. Kuta zile za mviringo ziliizungusha sauti hata usijue imetokea upande gani. Jirani yangu, mzee mwenye fimbo, alishika besi ya kina ambayo nina hakika hakufundishwa na mwalimu yeyote wa kwaya.

Aliipata kwenye wigashe, naamini. Hiyo ni ngoma ya Kisukuma inayochezwa watu wakiwa wameketi, na ukiisikiliza vizuri ni kwaya kamili, yenye kiongozi, waitikiaji, na sauti zinazopandana bila kugongana. Kila mwaka, inapofika Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Bujora huwa na Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya Bagalu na Bagika. Vyama hivyo viwili vilitokana na waganga mahasimu wa karne ya 19, Gumha na Ngika. Leo vinakutana penye sikukuu ya Ekaristi, na sioni kufuru yoyote hapo.

Hapa Bariadi tunayo fahari nyingine. Pasaka ikikaribia, pita jioni karibu na kanisa lenye kwaya ya sauti nne, hukosi kusikia Aleluya Kuu ya Handel. Imetoka kwenye Masiya, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Karatasi za nota zimetolewa kopi juu ya kopi hadi mistari imefifia, na do-re-mi zimekolezwa kwa kalamu. Mazoezi hukwama palepale kila mwaka. Kwanza ni pale sauti ya kwanza inaposhikilia nota ndefu na kupanda ngazi baada ya ngazi huku wengine wakiitikia chini. Kisha kuna kile kimya kabla ya neno la mwisho, ambapo lazima atokee mmoja wa kuingia mapema. Wakipatia, mwili unasisimka. Naipenda kazi ile na ningesikitika isipoimbwa.

Kinachoniuma ni kwamba tumeifanya hiyo kuwa kilele, na nyimbo zetu tukaziachia sherehe za mbio za mwenge na wageni wa serikali. Jambo hili lina mizizi. Nassa, iliyoko Busega ndani ya mkoa wetu wa Simiyu, ilikuwa kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa CMS kabla wale wa Africa Inland Mission (AIM) hawajaichukua mwaka 1909, kwa hiyo Simiyu ina zaidi ya karne ya tenzi za kutafsiriwa. Wamisionari wengi wa enzi zile waliiona ngoma kuwa upagani, na waumini wakaiacha nje ya mlango. Siku hizi kinanda cha umeme kimechukua nafasi yake, kikiwa na mdundo uliohifadhiwa humo kiwandani, na spika zinafunguliwa hadi huwezi kutofautisha tena sauti ya pili na ya tatu.

Nawaomba walimu wa kwaya wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, wa madhehebu yote: wakalisheni wazee wanaozijua nyimbo za wigashe na za ibada kwa Kisukuma, ziandikeni kwa nota kama mnavyoandika Handel, na katika tamasha lijalo ziimbeni bila spika. Anayetaka kusikia mfano kwanza, Bulabo mara nyingi huangukia Juni. Basi hupitia Lamadi na Magu. Mwambie kondakta akushushe Kisesa.