Mipaka ya Wadi na Maeneo Bunge: Tukipinga, Tupinge Namna Gani?



Katika mikutano ya vikundi, kutoka Kipkelion hadi Chepalungu, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa mambo ya akiba na mikopo yakishamalizika: "Ni kweli wanataka kutukata?" Mmoja amesikia kwamba sablokesheni yao itapelekwa wadi nyingine. Mwingine ameambiwa na mwanasiasa kwamba tutapata eneo bunge jipya. Wa tatu amesikia kwamba mpaka wa kaunti utasogezwa huko Sondu. Mambo haya matatu si kitu kimoja. Mtu akiyachanganya atapeleka kilio chake mahali ambapo hakiwezi kusikilizwa.

Tuanze na hili la kaunti ili tuliondoe njiani. Tume ya uchaguzi na mipaka, yaani IEBC, haina uwezo wa kusogeza mpaka wa kaunti. Kazi hiyo imewekwa katika kifungu cha 188 cha Katiba, na inataka tume maalum pamoja na thuluthi mbili ya Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Kwa hivyo mtu wa Konoin ambaye soko lake ni Litein hawezi kuomba IEBC imhamishie Bureti, maana Konoin ni Bomet na Bureti ni Kericho. Na mambo ya Sondu, ambako damu ilimwagika tena mwaka 2023, hayatatuliwi kwa barua ya wadi. IEBC inagusa vitu viwili tu: mipaka ya maeneo bunge na mipaka ya wadi, pamoja na majina yake.

Kwa nini basi iguse? Kifungu cha 89 kinasema mipaka ikaguliwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Ukaguzi wa mwisho ulitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Machi 2012. Hesabu miaka 12, unafika Machi 2024. Tarehe hiyo ilipita kimya, kwa sababu tangu mapema 2023 tume haikuwa na makamishna, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Ukaguzi ni deni. Lakini Katiba hiyohiyo inasema mipaka ambayo haikukamilika miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu haiwezi kutumika katika uchaguzi huo. Kwa hivyo mtu akiwaambia mjiandae kwa eneo bunge jipya, mwulizeni kwanza ni la uchaguzi gani.

Hesabu yenyewe

Wengi wetu tunadhani mipaka inachorwa kwa kufuata wapiga kura. Sivyo. Inafuata watu wote waliohesabiwa katika sensa, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 Kenya nzima. Gawanya kwa maeneo bunge 290, unapata karibu watu 164,000 kwa kila moja. Hiyo ndiyo mizani. Sehemu kama zetu zinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 30, maana yake kati ya watu 115,000 na 213,000 hivi. Miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika zinaruhusiwa asilimia 40.

Sasa tujipime. Kericho ilikuwa na watu 901,777 na ina maeneo bunge sita: Ainamoi, Belgut, Bureti, Sigowet/Soin, Kipkelion Mashariki na Kipkelion Magharibi. Kwa wastani ni watu 150,000 kwa kila mbunge. Bomet ilikuwa na watu 875,689 na ina matano: Sotik, Chepalungu, Konoin, Bomet Mashariki na Bomet ya Kati. Hapo ni watu 175,000 kwa kila mbunge. Bomet imepungukiwa na watu 26,000 tu, lakini Kericho ina mbunge mmoja zaidi. Mtu wa Bomet anayesema tumepunjwa ana hoja. Lakini ukiweka kaunti zote mbili kwenye mizani ya 164,000, Kericho inapata maeneo bunge matano na nusu, na Bomet matano na theluthi hivi. Hesabu hii haimpi mtu wa Bomet eneo la sita, na Kericho haina la saba hata kwa ndoto.

Tena idadi ya 290 imeandikwa katika Katiba. Ili eneo moja lizaliwe kwetu, lingine lazima life mahali pengine. Mwaka 2012 tulipata matatu mapya kwa urahisi (Kipkelion ikagawanywa mara mbili, Bomet ikagawanywa, Sigowet/Soin ikazaliwa) kwa sababu nchi nzima ilikuwa inatoka 210 kwenda 290. Na Katiba ilikuwa imekataza ukaguzi ule wa kwanza kufuta eneo lolote la zamani, hata yenye watu wachache sana kama Lamu Mashariki. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja. Waliojaribu kuongeza maeneo bunge 70 kwa njia ya BBI walishindwa mahakamani, na Mahakama ya Juu, Machi 2022, ilisema wananchi hawakuwa wameshirikishwa juu ya maeneo hayo 70. Sisi tunaona kwamba kiongozi anayeahidi eneo bunge jipya bila kutaja litatoka wapi anauza hewa.

Kwa sababu hiyo, kwetu sisi vita halisi vitakuwa vya wadi: sablokesheni gani iende wapi. Na hapo ndipo panapouma. Wadi ndiyo inayoleta mwakilishi katika bunge la kaunti, ndiyo inayoleta basari ya kaunti, barabara ya kupeleka majani chai, na zahanati. Hazina ya eneo bunge, ile iliyoanza 2003, imetujengea madarasa mengi, ingawa Mahakama Kuu ilisema mwaka 2024 kwamba sheria yake inakwenda kinyume cha Katiba. Mjane anayefuata fomu ya basari ya mtoto wake ndiye anayejua maana ya mpaka, kwa sababu anautembea kwa miguu.

Barua nyepesi na barua nzito

Mara nyingi barua za kupinga huandikwa hivi: "Sisi wananchi wa hapa tumekataa kabisa kupelekwa wadi ile kwa sababu watu wa huko si wetu na hatutapata kiongozi." Barua hii ina sahihi mia mbili na bado ni nyepesi. Kukataa kabisa si sababu. Kupata kiongozi wa ukoo wenu si sababu pia. Katiba haiwagawii watu viti kwa koo. Na hilo neno "si wetu" tuliogope. Watu wa Londiani na Kipkelion wanakumbuka 1992 na 2008 lilivyoanza kama neno la mdomo tu.

Kifungu cha 89 kimetaja mambo ambayo tume inatakiwa kuyaangalia pamoja na hesabu ya watu: umbo la nchi na miji, ushirika wa watu katika historia, uchumi na utamaduni, na njia za mawasiliano. Pia kinaitaka tume kuwauliza wote wanaohusika. Barua ikijengwa juu ya hayo, afisa hawezi kuitupa kirahisi.

Tuseme sablokesheni yenu inataka kupelekwa ng'ambo ya mto Kipsonoi. Kaeni kokwet nzima, vijana na akina mama wakiwemo, mjiulize. Daraja liko wapi, na mvua ya Aprili ikinyesha linapitika? Kutoka nyumba ya mwisho hadi ofisi ya wadi mpya ni kilomita ngapi, na nauli ya bodaboda ni ngapi? Majani yenu yanakwenda kiwanda gani? Wagonjwa wanakwenda zahanati gani, watoto shule gani, soko la Jumanne au Ijumaa mnakwenda wapi, msiba ukitokea mnachanga na nani? Kikundi chenu kina kitabu cha mahudhurio. Onyesheni wanachama wanatoka vijiji gani. Hiyo ndiyo Katiba inaita ushirika wa watu, na hakuna mtu wa Nairobi anayeweza kuijua bila ninyi kumwandikia.

Kisha wekeni idadi. Sensa ya 2019 ilichapishwa hadi ngazi ya sablokesheni, na takwimu hizo zinapatikana kwa shirika la takwimu la KNBS. Msikisie. Barua ikisema "tuko wengi" haina faida; ikitaja idadi ya sensa inaweza kukaguliwa.

Jambo ambalo karibu kila mtu husahau ni kupendekeza. Ninyi mkitoka katika wadi ile, watu wake wanapungua, na wadi mnayobaki inazidi. Tume itauliza: basi tufanyeje? Andikeni jibu lenu: "Tunaomba tubaki hapa, na idadi itakuwa kiasi hiki, kama lazima wadi ile iongezewe watu, sablokesheni fulani iko upande wake wa mto na barabara yake inaelekea huko." Lakini kabla ya kuandika jina la jirani, nendeni mkaongee naye. Wakikubali, waandike nao. Barua mbili kutoka pande mbili zinazosema jambo moja zina nguvu kuliko sahihi elfu za upande mmoja.

Watu wa kambi

Kuna watu ambao mikutano ya mipaka huwasahau: wachuma chai wanaoishi katika kambi za mashamba makubwa ya Ainamoi, Belgut na Konoin. Usiku wa sensa, Agosti 24, 2019, walihesabiwa walipolala, hata kama kura wanapigia Nyamira au Kakamega. Idadi yao inainua wadi zetu. Lakini baraza likiitwa saa nne asubuhi wako shambani, na wakija jioni huambiwa ni wageni. Hiyo si haki. Kama tunawatumia kwenye hesabu, tuwape nafasi kwenye kikao. Tena wao ndio watakaowaambia ni kambi zipi zimebaki na watu wachache tangu mashine za kuchuma zilipoletwa, jambo ambalo sensa ya 2019 haiwezi kuonyesha. Vikundi vilivyo karibu na mashamba, pangeni mkutano wa Jumapili mchana baada ya ibada.

Siku zinahesabiwa

Mwaka 2012, taarifa ya kwanza ya tume ilipotoka, wananchi walipewa siku 21 tu kutoa maoni. Siku 21 si kitu. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kinaweza kuzikosa zote. Kwa hivyo kazi ya kuhesabu, kupima umbali na kuchora ramani ya mkono ifanywe sasa, iwekwe katika faili ya mwandishi wa kikundi. Tangazo likitoka, mtaongeza tarehe na sahihi.

Mipaka ikishachapishwa katika Gazeti Rasmi, mlango uliobaki ni Mahakama Kuu. Ombi lazima lipelekwe ndani ya siku 30, nayo mahakama iamue ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2012 malalamishi mengi kutoka pande zote za nchi yaliunganishwa, na majaji watano wakatoa uamuzi mwezi Julai. Baadhi yalikubaliwa na mengine yakakataliwa. Wakili ni ghali, kwa hivyo vikundi vya wadi moja viungane katika ombi moja.

Barua ipelekwe kwa mkono, nakala mbili, kwenye ofisi ya IEBC. Kila anayetia sahihi aandike na nambari ya kitambulisho. Nakala moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, irudi kwa mweka hazina akaifungie pamoja na kitabu cha benki. Wakili atakapouliza kama mlilalamika mapema, karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo mtakayompa.