Tusasishe tarakilishi za shule kwa mpango

Alasiri ya Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alinijia ofisini huku machozi yakimlengalenga. Alikuwa amezunguka vijijini kwa muda wa miezi mitano akirekodi masimulizi ya wazee katika lugha yao ya mama, lugha ambayo wasemaji wake mahiri wanazidi kupungua kila mwaka. Rekodi hizo, pamoja na unukuzi wake, alikuwa amezihifadhi katika tarakilishi moja ya maabara yetu ya lugha. Siku hiyo faili zake zote zilifungwa kwa ufunguo asioujua, na kwenye kioo pakatokea tangazo jekundu likimdai fidia ya dola 300. Sehemu ya rekodi alikuwa na nakala yake nyumbani. Sehemu nyingine hakuwa nayo, na mmoja wa wazee waliosikika humo alikuwa ameshazikwa.

Kirusi hicho kilijulikana kwa jina la WannaCry. Kilienea katika nchi zipatazo 150 kwa muda wa siku chache. Huko Uingereza kiliathiri taasisi 81 za afya ya umma miongoni mwa 236 za England, na ilikadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. La kusikitisha ni kwamba dawa yake ilikuwapo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo tarehe 14 Machi 2017, takriban miezi miwili kabla ya msiba. Tarakilishi iliyokuwa imetiwa kiraka hicho haikuweza kuingiliwa kupitia ufa ule.

Zetu hazikuwa nacho. Na aliyeagiza masasisho yazimwe katika maabara ile si mwingine bali mimi mwandishi wa makala haya.

Naomba msomaji asinihukumu kabla ya kusikia sababu, maana nashuku kwamba wakuu wengi wa shule na vyuo wamewahi kutoa agizo kama hilo. Tulikuwa na tarakilishi 24 na njia moja nyembamba ya intaneti. Kila zilipotolewa habari za sasisho jipya, mashine zote 24 zilikimbilia nje kwa pamoja kuleta kitu kile kile, na somo likakwama. Tufanye hesabu. Tuseme sasisho lina ukubwa wa gigabaiti moja, nayo njia ya intaneti hupitisha megabiti 10 kwa sekunde. Tarakilishi moja ikiwa peke yake italipakua kwa muda wa dakika kama 13. Zikiwa 24, kila moja ikijiletea lake, kazi hiyo hiyo itachukua zaidi ya saa tano, na gigabaiti 24 zitalipiwa badala ya moja. Ni sawa na kuwatuma wanafunzi 24 mjini, kila mmoja kwa nauli yake, kununua nakala ya gazeti moja ambalo wangeweza kulisoma kwa zamu. Nilipoona hivyo nikaamuru ufungwe mlango wote. Nilipaswa kumtuma mmoja tu.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Maabara ya shule si tarakilishi 24 au 40 zilizokaa jirani. Ni mfumo mmoja wenye viungo vingi, na unapaswa kutunzwa kama kitu kimoja. Mwalimu anayehama kutoka kiti hadi kiti akibofya kitufe kile kile mara 40 anajichosha bure, na aghalabu hafiki kiti cha mwisho.

Njia rahisi kuliko zote haihitaji hata senti moja. Katika mipangilio ya Windows, kwenye sehemu ya masasisho, mna swichi inayoiruhusu tarakilishi kupokea vipande vya sasisho kutoka kwa jirani zake. Mwalimu aifungulie mashine zote, ila achague mtandao wa ndani peke yake, asije akawagawia wageni walio nje kwa gharama ya shule. Kisha atangulize tarakilishi moja ipakue, na nyingine zifuate baadaye. Waya wa ndani wa maabara aghalabu hupitisha megabiti 1000 kwa sekunde, yaani mara mia ya ile njia yetu ya nje. Sehemu kubwa ya mzigo itatoka kwa jirani badala ya kutoka ng'ambo.

Shule yenye seva yake yaweza kuiweka seva hiyo iwe ghala. Seva huleta masasisho mara moja, mwalimu huyakagua na kuyaidhinisha, kisha mashine zote huchota hapo. Kwa Windows kazi hii hufanywa na programu ya WSUS. Microsoft ilitangaza mnamo Septemba 2024 kuwa haitaiongezea uwezo mpya, lakini haikuiondoa. Wanaotumia Ubuntu au Debian wana ghala lao pia, liitwalo apt-cacher-ng, nalo laweza kukaa katika tarakilishi kuukuu ambayo haifai tena kwa kazi nyingine.

Lakini mashine zikiwa zimeachwa nyuma kwa miaka mingi, kuzirundikia kiraka juu ya kiraka ni kazi isiyokwisha. Hapo afadhali kuanza upya. Mwalimu huitayarisha tarakilishi moja kwa ukamilifu, pamoja na masasisho yake yote na programu za masomo, kisha huchukua taswira ya diski yake kwa programu ya bure kama Clonezilla na kuirusha kwa mashine zote kwa wakati mmoja kupitia waya wa ndani. Maabara nzima yaweza kukamilika kati ya asubuhi na alasiri iwapo mashine ni za aina moja. Pana tahadhari mbili. Kwanza, kabla ya kuchukua taswira ya Windows sharti mashine hiyo ivuliwe utambulisho wake kwa programu ya Sysprep, la sivyo zitazaliwa pacha zenye utambulisho mmoja. Pili, unakili huu hufuta kila kilichokuwamo. Faili za wanafunzi ziwe zimekwisha kuhamishwa na kuhakikiwa mahali pengine pawili. Nilisisitiza jambo hili katika kikao kimoja cha idara hata wenzangu wakaanza kutazamana, nami sikujali.

Kuharakisha, hata hivyo, si kuparamia. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa tarakilishi ya CrowdStrike ilituma faili yenye kasoro kwa wateja wake wote kwa mkupuo mmoja. Microsoft ilikadiria kuwa tarakilishi milioni 8.5 za Windows ziliathirika, na safari nyingi za ndege zikafutwa kwa siku kadhaa. Sasisho hilo halikuwa la mfumo wa uendeshaji wenyewe, lakini funzo lake linatuhusu. Sisi huteua tarakilishi moja iliyo karibu na mlango. Hiyo ndiyo huonja kwanza. Baada ya kuisasisha tunafungua Praat, programu tunayoitumia kuchanganua sauti, tunajaribu maikrofoni, tunachapa ukurasa mmoja. Wakati mmoja maikrofoni zilikataa kusikia chochote baada ya sasisho, na kwa kuwa ilikuwa mashine moja tu, tuliligundua kosa kabla wanafunzi hawajaingia. Tukiridhika baada ya siku chache tunaongeza nne, kisha zote.

Ratiba nayo si ya kubahatisha. Masasisho ya kawaida ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za kwetu hufika mwendo wa saa mbili au saa tatu usiku. Mwalimu anayelijua hilo anaweza kupanga mwezi mzima. Atapakua usiku huo kwa mashine ya majaribio na kuwasambazia wengine Ijumaa ya wiki ifuatayo wanafunzi wakishaondoka. Kazi kubwa ya kurudia diski zote ataiacha mpaka likizo. Katika wiki ya mitihani asiguse kitu.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya wataalamu hao havilitaji, nami nikiwa mwanaisimu siwezi kulipita. Sasisho linapoendelea, tarakilishi huandika kwenye kioo kwamba isizimwe. Huandika kwa Kiingereza. Ilhali mtu mwenye mamlaka juu ya swichi kuu saa nne za usiku si mwalimu wala mwanafunzi bali ni bawabu, ambaye ameagizwa na bwana fedha kuzima umeme wa kila chumba kisicho na mtu. Bawabu wetu alifanya kazi yake kwa uaminifu, na mashine sita hazikuamka asubuhi. Lawama zikamwangukia yeye. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hakuna aliyeniambia." Alisema kweli. Tangu hapo, siku ya kusasisha, hubandikwa juu ya swichi karatasi yenye maandishi makubwa: USIZIME. TARAKILISHI ZINASASISHWA MPAKA ASUBUHI. Na bawabu huelezwa kwa mdomo pia, kwa sababu yeye ni mmoja wa wanaoifanya kazi hiyo.

Neno lenyewe, kusasisha, limetokana na "sasa": kukifanya kitu kiwe cha sasa. Wanafunzi wangu huniambia kuwa ni neno la kwenye magazeti, na wao wenyewe "huapdeti". Sigombani nao. Lakini nimegundua kuwa nikimwambia mtu kwamba tarakilishi yake si ya sasa, hunielewa upesi kuliko nikimtajia namba za matoleo. Neno "kiraka" nalo hufanya kazi nzuri zaidi, maana kila mtu anajua kuwa nguo haitoboki mara moja tu.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni, na tarakilishi nyingi zilizomo shuleni mwetu, hasa zile za msaada, hazina. Mashine hizo bado huwaka, na hapo ndipo penye hatari, kwani hakuna anayeona tofauti. Mkuu wa shule ana njia tatu. Anaweza kulipia viraka vya nyongeza, ambavyo kwa taasisi za elimu vilitangazwa kwa bei ya dola moja kwa kila mashine mwaka wa kwanza, mbili mwaka wa pili na nne mwaka wa tatu. Anaweza kuweka mfumo wa bure kama Ubuntu. Au anunue mashine mpya. Kwa maoni yangu, shule yenye tarakilishi 30 nzima isizitupe. Ilipe hizo dola 30 za mwaka wa kwanza, na katika muda huo mwalimu aujaribu Ubuntu kwenye mashine mbili tatu na wanafunzi wake.

Ila mwalimu huyo apewe wakati. Katika shule nyingi mwenye ufunguo wa maabara ni mwalimu wa hisabati au fizikia mwenye vipindi vingi kama wenzake, naye hutarajiwa kuzihudumia mashine wakati wa chai. Saa tatu kwa mwezi zikiandikwa kwenye ratiba rasmi, kama vile kipindi cha somo kinavyoandikwa, zingetosha kwa mengi ya haya niliyoyaeleza. Kwetu zimeandikwa Ijumaa ya wiki inayofuata Jumanne ile, kuanzia saa kumi na moja jioni.

Mwanafunzi wangu aliimaliza tasnifu yake kwa rekodi zilizosalia, na akafaulu. Katika sura ya mbinu za utafiti aliandika sentensi moja inayosema kuwa masimulizi ya mzee mmoja hayakupatikana kutokana na hitilafu ya kiufundi. Nilikuwa msimamizi wake, na sentensi hiyo niliipitisha bila kuisahihisha.