Paji lina moto, mtoto anatetemeka

Malaria ina kioja chake. Mama mmoja wa mji wa Mahagi anamgusa mwanawe kwenye paji la uso, anauondoa mkono haraka kwa moto. Mtoto mwenyewe meno yanagongana, anaomba blanketi la pili. Nani anasema kweli? Wote wawili.

Chini kabisa ya ubongo, nyuma ya macho, kuna kipande kidogo kiitwacho haipothalamasi. Kiu, njaa, usingizi na kiasi cha chumvi katika damu vyote hupitia mikononi mwake. Sehemu yake ya mbele ina seli za neva zinazopima joto la damu inayopita hapo. Damu ikizidi moto, seli hizo hupiga ishara kwa kasi: mishipa ya ngozi inatanuka, jasho linatoka. Ikipoa, ishara zinapungua, ngozi inafunga mishipa yake, misuli inatetemeka ili izalishe joto. Ndiyo maana anayeteremka kutoka vilima vya Mahagi hadi Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert lililo mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, anaweza kuondoka na koti na kufika akivuja jasho, huku ndani akibaki na nyuzi 37 au karibu na hapo.

Ngozi nayo hupeleka habari zake. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, huko Marekani, waligundua protini inayofunguka kwa pilipili na kwa joto linalounguza. Kumbe tukisema pilipili inawaka hatutii chumvi. Kwa neva ni mlango mmoja. Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mtafiti Ardem Patapoutian. Kuhusu ubongo wenyewe, mwaka 2016 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwa panya kwamba protini nyingine, TRPM2, husaidia seli za haipothalamasi kuhisi joto na kuzuia homa isipite kiasi.

Turudi kwa mtoto. Vimelea vya malaria vinapopasua chembe nyekundu za damu, kinga ya mwili hupiga mbiu, na ubongoni hutengenezwa kemikali iitwayo prostaglandini. Hiyo huzituliza seli za kupima joto, na kiwango kinachotakiwa kinapanda, tuseme hadi nyuzi 39.5. Mtoto mwenye 38 sasa ubongo unamhesabu kuwa amepoa. Tunasema homa imepanda. Kilichotangulia kupanda ni madai ya ubongo.

Parasetamoli hupunguza prostaglandini, basi kiwango kinashuka. Vimelea haviguswi, na hapa ndipo wengi wanapokosea: mtoto akichangamka baada ya kidonge, safari ya kituo cha afya inaahirishwa, damu haipimwi. Mvuvi aliyezidiwa na jua ziwani ana shida nyingine. Kiwango chake hakikusogea, ni jasho lililoshindwa kazi, hasa hewa ikiwa na unyevu. Kidonge hicho hakimfai, anahitaji kivuli na kupoozwa kwa maji haraka.

Mtoto wetu, baada ya saa kadhaa, prostaglandini inapungua na ubongo unadai tena nyuzi 37. Mwili bado una 39.5. Jasho linamtoka hadi shuka inalowa, na blanketi lile aliloliomba analipiga teke.