Baiskeli ya Jumapili na Kazi ya Jumatatu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na mikataba. Leo tunapenda kuzungumza juu ya baiskeli. Wako watakaouliza, baiskeli na chama cha wafanyakazi vinahusiana nini? Tutaeleza.

Miongoni mwetu hapa Jinja wapo wengi ambao siku ya mapumziko hupanda baiskeli kwa kujifurahisha na kunyoosha viungo. Hilo ni jambo jema. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi asitakiwe kufanya kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila kupata siku moja ya kupumzika. Siku hiyo ni yake, aitumie apendavyo.

Lakini kuna jambo ambalo yafaa kila mmoja alifahamu. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, mfanyakazi akipata ajali njiani, anapokwenda kazini moja kwa moja au anaporudi, ajali hiyo huhesabiwa kuwa ya kazini, ila ni juu yake kuthibitisha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Akiumia Jumapili katika matembezi yake mwenyewe, ajali hiyo si ya kazini. Hasara yote ni yake na ya watoto wake. Ndiyo sababu tunasema kwamba baiskeli ya Jumapili inastahili kutazamwa kwa makini kuliko hata ile ya Jumatatu.

Jumapili moja tulitoka Jinja watu wanane kwenda Iganga, mwendo wa kilomita 40 hivi. Mwenzetu mmoja, mtu mrefu, aliazima baiskeli ya jirani yake aliye mfupi. Tulimwambia apandishe kiti. Akajibu kwamba safari ni ya siku moja tu, haina haja. Tulipofika Iganga alikuwa akichechemea, na bado ilimbidi arudi. Jumatatu hakuweza kusimama mbele ya mashine, wala Jumanne. Yeye hulipwa kwa siku, kwa hiyo mshahara wa siku mbili ulipotea. Hakuanguka wala hakugongwa na mtu. Goti lake liliumizwa na kiti. Na sisi pia tulikosa, kwa kuwa tulimchukua mtu asiyezoea tukampeleka kilomita 80 kwa siku moja.

Basi tuanze na kiti. Vaa viatu utakavyosafiri navyo, uegemee ukuta au mwenzako akushikie baiskeli, kisha uketi. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke sawasawa, bila kiuno kuinama upande mmoja. Ukiwa safarini utakanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na hapo goti litabaki limekunjika kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi na mbele yake huuma. Kikiwa juu mno, kiuno huyumba na nyuma ya goti huvutwa. Mtu anayezungusha pedeli mara 60 kwa dakika, kwa saa moja kila goti lake limekunjwa mara 3,600. Kosa dogo likirudiwa mara nyingi hivyo, si dogo tena. Lakini usipandishe kiti mpaka bomba lake likaribie kuchomoka. Lifuate alama iliyochorwa, na kama alama haipo, angalau upana wa vidole vinne ubaki ndani ya fremu. Halafu kaza nati kwa spana.

Pili, breki. Zijaribu kabla ya kutoka nyumbani, si kwenye mteremko. Tazama mipira yake, na kama imeisha ibadilishe kabla chuma hakijaanza kusaga rimu. Unaposimama, kamata breki zote mbili kwa pamoja na polepole. Uzito wa mwili huja mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiikamata ghafla na peke yake inaweza kukutupa juu ya usukani. Wenye rimu za chuma wawe na hadhari zaidi wakati wa mvua, kwa sababu rimu ya chuma ikilowa breki hupoteza nguvu nyingi. Ibonyeze kidogo mapema ili ipanguse maji, na uanze kusimama mbali kuliko ulivyozoea.

Tatu, tairi na mnyororo. Tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo huko Belfast, kinachombeba mpanda baiskeli ni upepo. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likibonyea kwa urahisi, liongeze upepo, la sivyo utachoka bure na jiwe dogo litakupa pancha. Mnyororo usilegee mno wala usikazwe mno. Ukiuinua katikati kwa kidole, ucheze sentimita 1 au 2. Upanguse kwa kitambaa, utie matone machache ya mafuta, kisha ufute yaliyozidi, kwani mafuta mengi hukusanya mchanga na mchanga hula meno ya gia.

Nne, barabara yenyewe. Njia ya Jinja hadi Iganga ndiyo hiyo hiyo ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, wala msizungumze mkiwa bega kwa bega. Vaeni nguo nyeupe au za rangi inayong'aa, na mwenye kofia ngumu aivae. Chukueni maji, mnywe kabla kiu haijawashika. Saa kumi na mbili jioni muwe mmekwisha kufika, kwa maana huku kwetu karibu na Ikweta jua likizama giza huingia upesi, na baiskeli isiyo na taa haionekani. Na wale wanaovuka mpaka wa Katuna kwenda kutembea Rwanda wakumbuke kwamba ng'ambo ya pili magari hupita kulia. Kenya na Tanzania ni kushoto kama kwetu, lakini Rwanda, Burundi na Kongo ni kulia. Kwenye njia panda, mazoea ya kutazama upande mmoja yanaweza kukuua.

Mwisho, tusione haya kwenda pole. Anayeanza aanze na kilomita 10, na wiki zinazofuata aongeze kidogo kidogo. Katika kundi, mwendo uwe wa yule aliye dhaifu, si wa yule mwenye nguvu. Hiyo ndiyo desturi ya chama chetu katika mambo mengine, na barabarani isiwe vinginevyo. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Tunashauri kila tawi liweke pampu moja, spana, viraka na solusheni ya kuzibia pancha. Gharama yake ikigawanywa kwa wanachama ni ndogo, nayo hupungua tena ukiihesabu pamoja na siku moja ya kazi iliyopotea.

Mwenzetu yule wa goti amepona. Alinunua spana yake mwenyewe, na majuzi tulikwenda naye tena, safari hii mpaka Bujagali tu na kurudi. Kabla hatujaondoka alizunguka akipima viti vya watu wote, mmoja mmoja, kwa kisigino. Jumatatu asubuhi wote wanane tulikuwa kazini.