Jicho na Mkono katika Somo la Mwandiko

Tulipata kumwona mtoto wa darasa la kwanza akichapwa vidole kwa sababu ya mwandiko mbaya. Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, na kiganja kilifunika kila herufi aliyokwisha kuiandika. Hakuwa mzembe, hakuona alichokuwa akikifanya.

Mwaka 1899 mtaalamu wa Marekani, Robert Woodworth, aliwataka watu wachore mistari ya urefu maalumu kwa kufuata mapigo, macho wazi, kisha macho yamefumbwa. Mapigo yalipokuwa ya polepole, waliotazama walikosea kidogo kuliko waliofumba macho. Yalipofikia 140 hivi kwa dakika, kutazama hakukuwafaa tena.

Sababu yake ni hii. Mwendo wa mkono una sehemu mbili. Kwanza, ubongo huurusha mkono kuelekea shabaha kwa mpango uliokwisha kuandaliwa. Pili, mkono ukaribiapo, macho huona umbali uliosalia na ubongo huusahihisha mwendo. Kusahihisha huko huchukua kiasi cha sehemu moja hadi mbili za kumi za sekunde. Mwendo ukiisha kabla ya hapo, jicho hubaki kulishuhudia kosa tu.

Jaribuni wenyewe. Wekeni vitone viwili karatasini, mviunganishe polepole mkitazama, kisha mkiwa mmefumba macho. Rudieni kwa kasi kubwa, mlinganishe makosa.

Kutokana na hayo, mwalimu azingatie mambo matatu:

(a) Anayeanza kuandika asiharakishwe. Kasi itakuja baada ya mazoezi mengi, mpango wa mkono ukishakomaa.

(b) Mtoto aione ncha ya kalamu. Atumiaye mkono wa kushoto aiweke karatasi kushoto kwa kifua chake, pembe yake ya juu ya kushoto ikiinuliwa kidogo, na aishike kalamu mbali kidogo na ncha. Asilazimishwe kubadili mkono.

(c) Kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Atumiaye mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto. Wa kushoto, kutoka kulia. Mara nyingi kuhamisha dawati kwatosha.

Basi mwandiko unapopotoka, tutazame kwanza mahali mtoto alipoketi, mwanga aupatao na haraka tuliyomtia. Fimbo haimwongezei mtoto uwezo wa kuona.